Kiolesura cha sauti: maana, matumizi, na kazi yake katika kurekodi nyumbani

kiolesura cha sauti *nm* (wingi: *violesura vya sauti*) [ki-/vi-] Kifaa kinachopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni au ala, kikaigeuza kutoka mawimbi ya umeme kuwa namba, kikaipeleka kwenye kompyuta, kisha kikairudisha kuwa sauti ya kusikika katika hedifoni au spika. Katika mazungumzo ya studio huitwa pia *saundi kadi* au *interfesi*. *Mfano:* Kiolesura hiki kina matundu mawili ya maikrofoni na hupata umeme wake kupitia kebo ya USB.

Neno na mipaka yake

Istilahi nyingi za kompyuta zilipata umbo lake katika miaka ya 2000, wakati mradi wa Kilinux ulipokuwa ukitafsiri programu huria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Jambo OpenOffice ilitolewa mwaka 2004), na kampuni ya Microsoft nayo ikiandaa matoleo ya Kiswahili ya programu zake. Miongoni mwa maneno yaliyokita mizizi ni *kiolesura*, hasa katika fungu la maneno *kiolesura cha mtumiaji*. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwanafunzi anayelikutana neno hili mara ya kwanza husikia *sura* mwishoni mwake, na huchukulia kwamba kiolesura ni lazima kiwe kitu cha kutazamwa kwenye skrini: vitufe, madirisha na menyu. Kiolesura cha sauti hakina skrini, na aghalabu ni kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kitabu. Maana inayounganisha matumizi yote mawili ni ile ya mahali vitu viwili visivyosema lugha moja vinapokutana na kuelewana. Upande mmoja kuna mtu na mashine. Upande wa pili kuna umeme wa maikrofoni na namba za kompyuta.

*Saundi kadi* ni neno la zamani zaidi katika vinywa vya watu. Lilihusu kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, na limeendelea kutumika hata baada ya kadi hiyo kutoka nje na kuwa kisanduku. Mwalimu hana sababu ya kumkosoa mwanafunzi anayelitumia katika mazungumzo. Katika maandishi, hata hivyo, tofauti ina faida: karibu kila kompyuta ina kadi ya sauti ndani yake, na mwongozo unaosema tu «chagua saundi kadi» unamwachia msomaji kubahatisha ni ipi. Inafaa mfasiri aandike *kifaa cha kiolesura cha sauti* mahali pa kwanza, kisha *kiolesura* peke yake kila kinapotajwa tena.

Mjadala wa kubuni neno au kukopa si mgeni katika milima ya Usambara. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi huko na kuchapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, ndiye aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937, ambayo iliepuka kwa makusudi maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Maneno mengi aliyotaka kuyaondoa yangali nasi, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuyafanya yao. Anayetaka kuliondoa *kurekodi* kwa sababu ya asili yake anaweza kutazama mfano huo kabla hajaanza.

Kipaza sauti, kinasa sauti na kurekodi

Katika msamiati wote wa kazi hii, hakuna neno lililo na hatari zaidi kwa mfasiri kuliko *kipaza sauti*. Kupaza ni kuinua juu, na chombo kinachoipaza sauti ni, kwa asili ya kitenzi, kile kinachoitoa kwa nguvu. Lakini watangazaji na wahubiri huita *kipaza sauti* kile wanachokishika mkononi na kukisemea. Kwa hiyo neno moja hutaja mwanzo wa njia ya sauti na mwisho wake. Katika habari za mkutano wa hadhara haidhuru kitu. Katika mwongozo wa kiolesura, sentensi «unganisha kipaza sauti kwenye tundu la 1» inaweza kumfanya mtu achukue waya wa spika. Matumizi yanayopendekezwa hapa ni *maikrofoni* kwa kifaa kinachopokea sauti na *spika* kwa kinachoitoa. *Kipaza sauti* kibaki katika maandishi ambamo muktadha unakinga maana.

*Kunasa* nako kuna kivuli chake. Ndege hunaswa kwa ulimbo, na mtu hunaswa katika mtego. *Kinasa sauti* kimezoeleka kwa mashine ya kanda na kwa kifaa kidogo cha mkononi, wala hakina ubaya. Lakini kitenzi kikisimama peke yake, hasa katika hali ya kutendwa, huleta dhana ya siri: *sauti yake ilinaswa* ni habari ya gazeti kuhusu mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Kwa sababu hiyo, fomu ya idhini anayosomewa mzee kabla ya mahojiano iseme *tutarekodi sauti yako*, isiseme *tutanasa sauti yako*. Kwa mzee asiyejua kusoma, kitenzi hicho ndicho fomu yote.

*Rekodi* kama nomino hufanya kazi tatu: sauti iliyohifadhiwa, kumbukumbu ya maandishi, na matokeo ya juu kabisa katika michezo. Na *kurekodi* kusichanganywe na *kuhifadhi*. Programu inaporekodi, sauti inaingia. Inapohifadhi, mradi unaandikwa kwenye diski. Wapo waliofunga kompyuta wakidhani kwamba walichorekodi kimehifadhiwa.

Kuunganisha

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mlalo anayetaka kumrekodi babu akisimulia habari za Mbegha, yule mwindaji ambaye masimulizi humfanya mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Simulizi hiyo iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika *Habari za Wakilindi*. Mwalimu anaitaka kwa Kishambaa, kwa sauti ya anayeijua. Ana kompyuta ndogo, kiolesura cha matundu mawili, maikrofoni moja na hedifoni.

Kwanza kiolesura kiunganishwe na kompyuta kwa kebo ya USB, kikiwa peke yake, pasipo kupitia kigawanyo cha matundu ambacho huenda kisitoe umeme wa kutosha. Violesura vingi vya siku hizi hutambuliwa na Mac na Linux bila kusakinisha chochote. Katika Windows mara nyingi huhitajika programu ya kiendeshi kutoka kwa mtengenezaji, na kwa kazi ya muziki kiendeshi hicho hutumia utaratibu uitwao ASIO, uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili programu ifikie kiolesura bila kupitia tabaka nyingi za mfumo. (*Kiendeshi* ni neno jingine la kuangaliwa: baadhi ya watafsiri hulitumia kwa programu inayoendesha kifaa, wengine kwa diski. *Programu ya kiendeshi* kwa la kwanza, na *diski* au *flashi* kwa la pili, huondoa utata.) Ikumbukwe kwamba Audacity, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na inayofundishiwa mahali pengi, kwa miaka mingi haikusambazwa ikiwa na ASIO kwa sababu ya masharti ya leseni. Kwa kurekodi masimulizi, upungufu huo hauna uzito. Njia za kawaida za Windows zinatosha.

Kisha maikrofoni iunganishwe kwa kebo ya XLR, ile yenye pini tatu. Maikrofoni ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kiolesura, uitwao *umeme wa fantomu* kwa kuwa hupita katika waya zilezile zinazobeba sauti na hauna waya wake wa kuonekana. Maikrofoni ya dainamiki haiuhitaji. Maikrofoni ya utepe inaweza kuharibiwa nao. Utaratibu ulio salama ni kupunguza sauti ya hedifoni na spika, kuchomeka kebo, ndipo kuwasha volti 48. Na wakati wa kumaliza, kuzima volti 48 na kusubiri kidogo kabla ya kuchomoa. Mfasiri asigeuze mpangilio huu kwa ajili ya ufasaha wa sentensi. Katika Kiswahili ni rahisi kuandika «washa umeme wa fantomu baada ya kuchomeka», na msomaji aliyekwisha kuona neno *washa* akawa amekwisha kuwasha. Kitendo cha kwanza kiandikwe kwanza.

Hatua inayofuata ni kuiambia programu itumie kiolesura. Katika mipangilio ya sauti kuna sehemu mbili, *ingizo* na *tokeo*, na zote zielekezwe kwenye kiolesura. Ingizo likisahauliwa, programu itarekodi kwa maikrofoni ndogo ya kompyuta yenyewe, na mawimbi yataonekana yakicheza kwenye skrini kama kawaida. Kipimo cha haraka ni kugonga kwa ukucha, taratibu, ukingo wa kompyuta: mgongo huo ukisikika mkubwa kuliko sauti ya mtu anayesema mbele ya maikrofoni, ingizo si lile lililokusudiwa.

Sehemu ambamo sauti moja inarekodiwa ndani ya programu huitwa na vijana wa studio *treki*. Tafsiri ya *wimbo*, inayoonekana katika baadhi ya programu, ni kosa la kweli, si suala la mapendeleo: wimbo mmoja unaweza kuwa na sehemu ishirini za namna hiyo, na masimulizi ya babu si wimbo. *Njia* inafaa zaidi, na ina upatanisho usiosumbua: *njia imetayarishwa, njia zimetayarishwa*.

Kiwango cha sauti

Kwenye kiolesura kuna kitufe cha kuzungusha kinachoongeza nguvu ya ishara kutoka kwenye maikrofoni. Wanastudio hukiita *geini*. Katika maandishi *ukuzaji* hufaa, mradi usichanganywe na *sauti ya hedifoni*, ambayo haibadilishi kinachorekodiwa hata kidogo. Kipimo cha programu huhesabu kwa desibeli, na namba zake ni hasi. Sifuri ni dari. Ishara inayogonga dari hukatwa kichwa, na mkwaruzo unaotokea hauondoleki tena kikamilifu. Babu aombwe aseme kwa nguvu ile atakayoitumia mahali pa kusisimua pa hadithi, si kuhesabu moja mbili tatu kwa upole, na ukuzaji uwekwe ili vilele vifike takriban desibeli −12. Kwa kina cha biti 24 nafasi hiyo iliyobaki juu haimpotezei mtu chochote.

Kasi ya sampuli iwe kHz 44.1 au 48, na iwe moja tu kotekote. Sauti iliyorekodiwa kwa 44.1 ikisomwa kana kwamba ni 48 huenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda kwa karibu nusutoni moja na nusu. Kwa Kiswahili kosa hilo huchekesha tu. Kishambaa ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Uwiano kati ya toni ya juu na ya chini utabaki, lakini vipimo vyote vya muda na kimo atakavyochukua mwanafunzi wa isimu vitakuwa vya mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Saa moja ya sauti ya njia moja, kwa kHz 48 na biti 24, huchukua takriban megabaiti 518. Ni nyingi, na ndiyo bei yenyewe. Faili iwe ya WAV; nakala ya MP3 ifanywe baadaye kwa ajili ya kutumiana.

Ukawiaji

Sauti ikiingia kwenye kompyuta na kurudi masikioni hutumia muda. Muda huo huandikwa mara nyingi *ucheleweshaji*, neno ambalo kwa umbo lake la kusababisha humtafuta mtu wa kulaumiwa: nani amechelewesha? *Ukawiaji* unaeleza hali bila kumtaja mkosaji, na ndilo linalopendekezwa hapa. Chanzo chake kikubwa ni *bafa*, yaani akiba ya sampuli ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 256 kwa kHz 48 ni milisekunde 5.3; ya sampuli 1,024 ni milisekunde 21.3, kana kwamba mtu anajisikiliza kutoka umbali wa mita 7. Hiyo ni kwa upande mmoja tu. Kurudi kuna hesabu yake. Mwimbaji huyumba. Msimulizi asiyevaa hedifoni haathiriki kabisa, kwa hiyo mwalimu wetu aweke bafa kubwa, ambayo huipa kompyuta dhaifu nafasi ya kupumua na kuzuia sauti kukatikakatika.

Violesura vingi huruhusu *usikilizaji wa moja kwa moja*, ambapo ishara hutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye hedifoni bila kupita kwenye kompyuta. Ukiwashwa, usikilizaji wa ndani ya programu uzimwe; vyote viwili vikiwa wazi mtu husikia kila neno mara mbili, na wengi hulidhania kuwa ni mwangwi wa chumba.

Mazingira ya milimani

Miongozo ya watengenezaji huandikwa kwa chumba chenye zulia na mapazia mazito. Nyumba nyingi za Lushoto, Soni au Bumbuli zina sakafu ya saruji na paa la bati. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, mvua juu ya bati hufunika sauti ya mtu kabisa, na hakuna kichujio kitakachoitenganisha. Ratiba ya kurekodi ifuate mvua, majogoo, pikipiki na kengele. Chumba kidogo chenye godoro na blanketi ni bora kuliko sebule kubwa yenye kuta tupu, na maikrofoni iwe karibu na mdomo, kama shibiri moja, ikielekezwa kando kidogo ili pumzi ya *p* na *b* isiipige. Kutandika blanketi mezani, chini ya mikono ya anayesimulia, ni jambo lisilotajwa katika mwongozo wowote na huokoa rekodi nyingi.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, na *mvumo* unaosikika kwenye rekodi huwa wa hezi 50 au 100. (*Mvumo* ni sauti nzito isiyobadilika, *mkwaruzo* ni ya kukatikakatika, *kelele* ni neno la jumla mno kwa kazi hii.) Jaribio la kwanza ni kuchomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukitoweka, chanzo kilikuwa chaja au njia yake ya kwenda ardhini, na kurekodi kuendelee kwa betri. Kwa kuwa kiolesura cha USB hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta, hata kukatika kwa umeme kijiji kizima hakusimamishi kazi.

Kusafisha na kuharibu

Programu nyingi zina zana ya kuondoa kelele, na mafunzo mengi huihimiza. Kwa muziki na matangazo ina nafasi yake. Kwa lugha za Usambara ni lazima itumike juu ya nakala tu, faili la asili likibaki kama lilivyotoka. Sababu inaonekana wazi katika Kimbugu, lugha ya jamii inayoishi milimani humo pamoja na Washambaa. Wambugu wana namna mbili za kusema zinazotumia sarufi moja: Kimbugu cha kawaida, ambacho maneno yake yako karibu na Kipare, na Kimbugu cha ndani, kiitwacho pia Kima'a, ambacho msamiati wake mwingi hautokani na Kibantu. Maarten Mous aliichambua hali hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2003. Kwa kuwa sarufi ni ileile, ni maneno yenyewe yanayoonyesha ni namna ipi inayosemwa. Na katika maneno ya ndani mna kikwamizo cha pembeni, ambacho hewa yake hupita kando ya ulimi kwa mchuruzo unaofanana na *s* yenye unyevu, na kituo cha kooni, kile kinachoandikwa kwa alama ya ritifaa katika jina Ma'a. Zana ya kuondoa kelele hutafuta hasa michuruzo ya namna hiyo, na huila. Zana nyingine, ile inayofunga njia kila sauti inaposhuka, huchukulia kituo cha kooni kuwa ni kimya na kumeza mwanzo wa silabi inayofuata. Faili lililobaki huwa safi, lenye kusikilizika vizuri, na neno la ndani limo ndani yake likiwa limepoteza alama iliyolitambulisha. Mzee aliyelisema huenda asipatikane kulisema tena.

Kwa hiyo katika lebo ya faili ni vema kutofautisha *rekodi asilia* na *rekodi iliyohaririwa*. *Rekodi safi*, inayoandikwa na wengi, haisemi kama ni safi kwa sababu chumba kilikuwa kimya au kwa sababu kuna kitu kimefutwa.